Kitufe cha Endelea

Barua ya kumtaka Mama Ghala ajieleze kwa nini asiachishwe kazi iliandikwa Jumatano, na ushahidi wote uliokuwemo ulitoka kwenye programu niliyoitengeneza mimi.

Nakala yake ililetwa ofisini kwetu kana kwamba ni barua ya pongezi. Bosi aliisoma akiwa amesimama mlangoni, miwani kaipandisha juu ya paji la uso.

"Mnaona?" alisema. "Miezi miwili tu, na tayari mfumo umekamata kosa."

Akaiweka mezani kwangu, akatoka kupokea simu.

Ofisi yetu ni vyumba viwili juu ya karakana ya maseremala. Mashine ya kupiga randa ikianza kazi huko chini, vikombe vya chai hutembea vyenyewe mezani. Siku hiyo ilikuwa imeanza, nami nilisoma barua huku nimekishika kikombe changu kisianguke.

Barua ilisema kwamba siku ya Jumatatu, saa nne na dakika arobaini na mbili asubuhi, mtunza ghala la dawa wa hospitali alitoa kwenda wodi ya macho dawa ya matone ya toleo, yaani kundi la chupa zilizotengenezwa pamoja, ambalo kiwanda kilikuwa kimelizuia, kwa kuwa vifuniko vya chupa vilikuwa vinavuja. Mfumo ulimwonya. Akabonyeza kitufe cha "Endelea". Mfumo ukamwonya mara ya pili. Akabonyeza tena. Isitoshe, muuguzi aliyegundua chupa zinavuja alirudisha maboksi manne, ilhali rekodi ilionyesha mawili. Hayo mawili mengine yalitokaje ghalani bila kuandikwa? Mtunza ghala ajibu mbele ya kamati Ijumaa, saa tisa alasiri.

Hakuna mgonjwa aliyewekewa dawa ile. Sentensi hiyo niliisoma mara tatu ili initulize, na haikunituliza.

Mama Ghala nilikuwa nimekutana naye mara moja tu, siku ya mafunzo. Hospitali nzima ilimwita hivyo. Alikuwa na miaka ishirini na sita mle ghalani. Siku ile aliiweka simu mbali na macho kwa urefu wa mkono wote, akaniuliza, "Mwanangu, namba hizi umewaandikia sisimizi?"

Alikuwa na haki ya kulalamika. Skana tuliyowapa, ile ya mkononi ya kusoma mistari myeusi ya namba kwenye maboksi, ambayo wafanyakazi waliibatiza jina la bunduki, huungana na simu bila waya, na simu hudhani imeunganishwa na kibodi halisi. Basi inaificha kibodi yake ya kwenye kioo, na mtu akitaka kuandika idadi anabaki anatafuta pa kubonyeza. Nikarudi ofisini nikamchorea kibodi ya peke yake ndani ya programu: namba kubwa kama vigae vya sakafuni, na chini yake kitufe kimoja kirefu cha kijani kilichoandikwa "Sawa". Niliifanya kwa siku nne na kwa moyo wangu wote. Nilikuwa na miezi mitano tangu kuhitimu, na nilipoambiwa kuwa mama wa ghalani ameipenda, nilitembea kwenda nyumbani nikitabasamu peke yangu kama mwehu.

Sasa kibodi ile ile ilikuwa inamtoa kazini, au hivyo ndivyo moyo wangu ulivyoniambia. Niliinuka, nikaenda dirishani, nikarudi. Nikaenda tena.

"Shahada, kaa chini," alisema Bwana Kesho. "Unanitia kizunguzungu."

Bwana Kesho ndiye mtengeneza programu mkubwa wa ofisi yetu, na jina hilo alipewa kwa sababu ukimwomba chochote atakujibu kwamba kesho atakifanya. Mimi aliniita Shahada tangu siku nilipoingia na cheti changu ndani ya bahasha ya plastiki.

"Huyu mama anasema hakubonyeza," nilimwambia. "Wameandika hapa: mhusika anakana."

"Kila mtu anakana. Watu hawasomi, mdogo wangu. Ukiwawekea onyo wanalipiga kidole kama wanavyopiga mbu."

"Lakini tazama muda. Onyo limetokea, na jibu limekuja kabla ya sekunde tatu kuisha. Mara zote mbili."

"Kidole kilichozoea kina kasi."

"Na maboksi mawili yasiyoonekana?"

Aliinua mabega. "Hilo muulize yeye."

Nilichukua boksi la dawa tulilokuwa nalo kwa majaribio, nikaiambia programu kuwa toleo lake limezuiwa, nikasoma mistari yake kwa kamera ya simu. Kioo kikawa chekundu. Onyo likatokea, vitufe viwili chini yake, "Acha" na "Endelea", likakaa pale likinisubiri. Nilirudia mara kumi na mbili. Mara zote lilisubiri, lenye adabu zake. Kwa kamera, sikuweza kulikuta na kosa lolote. Bunduki hatukuwa nayo. Tuliyonunua tulikuwa tumeipeleka hospitali.

Nilifika nyumbani jua bado kali. Naishi kwa kaka yangu na mkewe, vyumba vitatu vilivyopangana kama mabehewa, na wifi yangu hushona karibu na mlango ambako mwanga unatosha. Nilipita mbele ya cherehani yake kwenda jikoni, nikarudi, nikaenda tena kunywa maji nisiyoyataka.

"Wewe leo umekuwa kama kuku anayetafuta pa kutagia," alisema wifi, pini mdomoni. "Kuna nini?"

"Aseme tu kama ni mchumba," kaka alidakia kutoka chumbani. "Tujue tunapika au hatupiki."

"Mchumba gani wa kumfanya mtu anywe maji vikombe sita? Huyo atakuwa mdai."

Nikawaeleza. Nilieleza vibaya, nikiruka huku na huku, na wifi aliacha kukanyaga cherehani ili anisikie vizuri. Nilipomaliza aliitoa pini mdomoni.

"Na yeye anasemaje?"

"Nani?"

"Huyo mama, wifi. Umeniambia ya barua, ya rekodi, ya huyo bwana wenu wa kesho. Mwenyewe umemuuliza?"

Sikuwa nimemuuliza. Hata wazo lenyewe halikuwa limenijia. Nilikuwa nimeiuliza programu mara kumi na mbili.

Alhamisi asubuhi sikupitia ofisini. Ghala la dawa liko nyuma ya jengo la kufulia, chumba kirefu chenye rafu hadi darini na feni mbili zinazogeuza shingo polepole. Mama Ghala alikuwa juu ya ngazi yenye magurudumu, amevaa aproni ya buluu yenye mfuko mkubwa tumboni. Aliniona, hakushuka.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Umekuja kumtazama mwizi anavyofanana?"

"Nimekuja kukutazama unavyofanya kazi. Kama utaniruhusu."

"Kazi ninayo mpaka kesho saa tisa. Tazama." Aliteremka hatua mbili. "Umekonda, halafu. Wanakula nini huko kwenu, vitufe?"

Kulikuwa na orodha ya wodi ya watoto ya kutimiza. Alisoma jina la kwanza kwenye karatasi, akaikumbatia rafu kwa mkono wa kushoto, akavuta boksi nusu, akalipiga bunduki iliyokuwa kwenye mkono wa kulia. Tii. Likaingia kwenye toroli. La pili, tii. La tatu. Macho yake hayakutoka kwenye mzigo hata mara moja: alitazama lebo, tarehe, kona za boksi kama zimelowa. Alikuwa mwepesi na makini, na nilijiona mjinga kwa kudhani nimekuja kumfundisha au kumtetea mtu mzembe. Ila kuna kitu sikukiona.

"Mama, simu iko wapi?"

Alipiga mfuko wa aproni. "Hii hapa."

"Huitazami?"

"Mkono mmoja bunduki, mkono mmoja boksi. Simu niishike kwa meno? Naitazama ukiingia mzigo mkubwa, naandika idadi kwa zile namba zako nzuri. Kutoa boksi moja moja hakuna haja."

"Sasa unajuaje kama imekubali?"

Alinitazama kwa huruma, kama mtu aliyeulizwa anajuaje kuwa mvua inanyesha. "Si inalia? Ikilia, imekubali. Isipolia, narudia."

Ile tii haikuwa sauti ya simu. Ni bunduki inayolia, na inalia ikishasoma mistari, basi. Haijui simu imejibu nini. Haijui hata kama kuna simu. Simu ingeweza kupiga kelele nyekundu mle mfukoni kutwa nzima na yeye akaendelea kusikia tii, tii, tii.

"Siku ile ya matone ya macho," nilisema, "ulitoa mangapi?"

"Manne. Niliyasoma yote manne, yakalia yote manne. Ndivyo nilivyowaambia." Alishuka ngazi sasa, akasimama mbele yangu. "Hao wa kiwanda wameleta habari ya kuzuia kwa barua pepe, imeingia moja kwa moja kwenye mashine. Mimi sikuona karatasi. Zamani ilikuwa inakuja karatasi, naibandika kwenye rafu."

Maboksi manne yaliyorudishwa yalikuwa kwenye kona, yamezungushiwa utepe mwekundu. Nilimwomba simu, nikaiweka kwenye hali ya mazoezi ili isiandike chochote, nikasimama nimempa mgongo, simu mkononi.

"Soma la kwanza, mama. Kama siku ile, kwa mwendo wako."

Tii. Kioo kikawa chekundu: toleo limezuiwa, usitoe. Acha. Endelea. Kidole gumba changu nilikiinua juu kabisa, mbali na kioo.

"La pili."

Tii. Onyo likatoweka. Pale lilipokuwa pakaandikwa: boksi moja limetolewa.

La tatu, tii, kioo chekundu. La nne, tii, kikajisafisha. Maboksi mawili yametolewa.

Bunduki ni kibodi isiyo na macho. Ikisoma mistari inaandika namba moja moja kama mtu anayechapa kwa kasi, na mwisho inabonyeza kitufe cha kuingiza ili kusema nimemaliza. Namba za boksi la pili zilifika zikakuta onyo limesimama, zikapotea hewani. Lakini ile ishara ya mwisho haikupotea. Ilitua juu ya kitufe kilichowekwa tayari kupokea, kile kinachobonyezwa mtu asipochagua kingine, nacho kilikuwa "Endelea". Boksi la pili lilikuwa limejibu onyo la boksi la kwanza, na lenyewe halikuandikwa. La nne likalijibia la tatu. Ndiyo maana yalitoka manne, yakaonekana mawili.

"Vipi?" aliuliza Mama Ghala nyuma yangu. "Nimekosea tena?"

Hapo ndipo nilipopaswa kugeuka na kusema. Maneno yalikuwa machache, na nilikuwa nayo yote. Lakini nilijua pia ni nani aliyekifanya kitufe kile kiwe tayari.

"Ngoja nihakikishe, mama," nilisema. "Nitakwambia."

Nikamrudishia simu, nikamwacha amesimama na bunduki mkononi.

Nilikwenda ofisini kwa miguu kwa sababu nisingeweza kuketi kwenye kiti chochote. Bwana Kesho alifungua mistari ya programu, akaisoma kimya, kidole kikishuka pembeni mwa kioo. Kikasimama.

"Nani ameweka 'Endelea' iwe tayari?"

"Mimi."

"Kwa nini lakini, Shahada? Kitu cha hatari hakiwekwi tayari."

"Kwa ajili ya kile kitufe kirefu cha kijani. Nilitaka akishamaliza kuandika idadi, likitokea onyo lolote, abonyeze pale pale 'Sawa' iendelee, asihamishe mkono. Nilitaka kumpunguzia kazi." Nilimwonyesha kwenye kioo. "Kitufe changu na kile cha bunduki, simu inaviona ni kitu kimoja."

Nilitarajia mzaha. Hakufanya mzaha. Alivuta kiti chake karibu.

"Kazi yako ilipita kwangu kabla ya kwenda kwao," alisema. "Niliipitisha Ijumaa jioni, nikiwa nimeshika mkoba. Haya, tunaitengeneza sasa hivi."

"Sasa hivi?"

"Usinitazame hivyo. Andika."

Tuliandika mpaka saa nane mchana. Onyo likitokea, programu izibe masikio yake kwa bunduki, isisikie chochote kutoka kwake. Kujibu iwe kwa kidole pekee, tena kwa kukishikilia kitufe sekunde mbili. Na simu yenyewe ilie, sauti nzito isiyofanana na tii, na itikisike mfukoni. Lilikuwa jambo dogo. Ndilo lililonichoma, udogo wake.

Bosi alitusikiliza akiwa ameegemea kabati. Si mtu mbaya, nataka hilo lieleweke. Ofisi ile aliijenga kwa meza moja na deni la ukoo mzima, na mwezi uliofuata hospitali nyingine sita zilikuwa zianze kutumia programu yetu.

"Mmefanya vizuri," alisema. "Toleo jipya la programu liende leo. Tutasema tumeboresha usalama."

"Na Mama Ghala?" niliuliza.

"Watampa onyo. Miaka ishirini na sita, hawatamfukuza."

"Barua inasema kuachishwa kazi, bosi."

"Barua zote husema hivyo." Alinitazama, akalainisha sauti. "Sikiliza, binti. Kesho utakwenda kuwaonyesha rekodi. Ukiulizwa, jibu ulichoulizwa. Usijitwike kuni ambazo hujatumwa kuzikata."

Nilisema "sawa". Neno hilo hilo, la kijani.

Ijumaa saa tisa tulikuwa watano katika chumba cha mikutano cha hospitali: mfamasia mkuu, ambaye ni mwanamume mrefu mwenye kalamu tatu mfukoni, ofisa utumishi na faili lake, bosi, mimi nikiwa na kompyuta iliyounganishwa na kioo cha ukutani, na Mama Ghala, bila aproni, amevaa gauni la heshima na amebeba mkoba mapajani kwa mikono miwili. Bila rafu nyuma yake alionekana mdogo. Hakunitazama.

Rekodi yangu iling'aa ukutani. *Onyo limekubaliwa. Aliyekubali: Mtunza ghala.* Mara mbili.

"Mama, una la kusema?" aliuliza mfamasia mkuu.

Alifungua mkoba, akatoa karatasi iliyokunjwa mara nne, kisha hakuifungua.

"Juzi nilisema sikubonyeza," alianza. "Nimekaa nikafikiri. Jana jioni nilimwambia binti yangu anitazame mkono kama unatetemeka. Akasema hautetemeki, lakini mtoto wako hawezi kukwambia. Umri nao ni umri. Kama mashine inasema nilibonyeza, nitakuwa nilibonyeza nikasahau. Na yale maboksi mawili nitakuwa sikuyasoma, nikadhani nimeyasoma. Naomba radhi. Ninaomba tu nisiandikwe mwizi."

Ofisa utumishi alikuwa ameshaanza kuandika. Nilisikia kalamu yake ikikwaruza karatasi, nikajikuta nimesimama, kiti kikaanguka nyuma yangu kwa kishindo.

"Hakubonyeza," nilisema.

"Binti," alisema bosi polepole.

"Hakubonyeza, na maboksi yote manne aliyasoma. Naweza kuwaonyesha. Naomba bunduki na simu yake. Toleo jipya tulilolipeleka jana, simu ile bado haijalipokea; nimetazama asubuhi."

Mfamasia mkuu akamtuma ofisa utumishi aende ghalani mwenyewe. Aliporudi na vitu vile pamoja na maboksi manne ya utepe mwekundu, niliiweka simu kwenye hali ya mazoezi, nikaanza kueleza.

"Usieleze kwanza," alisema mfamasia mkuu. "Onyesha."

"Basi iweke simu mfukoni mwako, baba."

Akaiweka kwenye mfuko wa koti jeupe, nyuma ya kalamu. Akakunja mikono. Ofisa utumishi akasoma boksi la kwanza, akiishika bunduki kama kitu kinachoweza kufyatuka. Tii. La pili, tii. La tatu, la nne. Mfamasia akaitoa simu, akaisoma, akaisoma tena.

"Inasema nimekubali onyo mara mbili," alisema. "Nimetoa dawa iliyozuiwa nikiwa nimekunja mikono."

"Na maboksi ni mangapi?"

"Mawili."

Aliagiza irudiwe. Mara ya pili aliiweka simu chini ya faili, mara ya tatu juu ya dirisha, mbali na kila mtu. Kisha akasema nieleze, nikaeleza, na nilipofika kwenye kitufe kilichokuwa tayari, aliuliza nani alikifanya hivyo.

"Mimi. Nilidhani namsaidia."

Ofisa utumishi alikata alichokuwa ameandika kwa mstari mmoja mrefu. Nilimgeukia Mama Ghala nikitarajia, nakiri, walau uso uliotulia. Alikuwa ananitazama kwa mara ya kwanza tangu nilipoingia.

"Umejua tangu lini?"

"Tangu jana. Tulipokuwa wote ghalani."

"Ulikuwa umenipa mgongo."

"Ndiyo, mama."

"Ukaniambia ngoja." Aliikunjua ile karatasi, akaiweka mezani. Ilikuwa imeandikwa pande zote mbili, kwa mwandiko wa mtu aliyefuta na kuandika upya. "Jana hiyo hiyo niliandika hii. Nimeandika hapa kwamba akili yangu haiaminiki. Kwa mkono wangu. Unajua ni nini kuandika hivyo, mwanangu?"

Niliivuta ile karatasi, nikaisoma pande zote mbili.

Mfamasia mkuu alisema barua ya utumishi imefutwa, na kwamba onyo lolote kutoka kiwandani litabandikwa tena kwa karatasi kwenye rafu, mashine iwepo isiwepo. Bosi alisema kampuni inasikitika. Watu walianza kukusanya vitu vyao. Mama Ghala hakuinuka.

"Na ile?" Alionyesha ukutani kwa kidevu. "Ile inayosema aliyekubali ni mimi. Ifute."

"Haifutiki, mama," nilisema. "Niliijenga hivyo kusudi, mtu asije akabadilisha rekodi kuficha kosa. Inaweza kuongezwa mstari chini yake tu."

"Ongeza."

Bosi aliwahi. "Tuandike, 'Hitilafu ya mfumo.' Ndivyo inavyoandikwa kawaida."

"Mfumo ni nani?" aliuliza Mama Ghala. "Ana mama yake? Analipwa mwisho wa mwezi? Mimi nilipolaumiwa niliandikwa kwa cheo changu, hakuna aliyeniita mfumo. Huyu naye aandikwe kwa cheo chake."

Bosi alinitazama. Nilijua anachofikiria: hospitali sita, ofisi yake, na mimi ambaye labda Jumatatu sitakuwa na kiti. Nikaketi kwenye kompyuta, nikaandika, herufi zikitokea ukutani moja baada ya nyingine mbele ya wote: *Onyo hili halikukubaliwa na mtunza ghala. Lilikubaliwa na programu yenyewe, kwa kosa la mtengeneza programu. Mtunza ghala alisoma maboksi yote manne.*

"Ongeza, 'na mkono wake hautetemeki,'" alisema mfamasia mkuu, kwa uso mkavu.

"Hilo usiweke," alisema Mama Ghala. "Hilo ni la nyumbani kwangu."

Nikahifadhi. Bosi alikuwa ameshatoka. Nilimsikia kwenye korido akizungumza na simu kwa sauti ya chini. Nilitaka kumfuata, nilitaka kukimbia, nilitaka Mama Ghala aseme jambo lolote la kunifungua. Yeye alikuwa ameinuka na kuukaribia ukuta hadi pua yake ikakaribia kugusa maandishi, kisha akarudi nyuma hatua tatu, akayapata. Aliyasoma kwa sauti ndogo, neno kwa neno, kidole kikifuata, na alipofika mwisho akaanza tena juu, nami nikasimama pembeni yake nikisubiri amalize.